Picha Yangu Kwenye Tangazo la Unga

Habari hii niliipata kwa Noela, binti wa jirani yangu mzee Efraimu, Jumamosi iliyopita, nilipompelekea viazi dukani kwake Makambako.

"Kamwene bibi! Eti miguu imepona?"

Miguu gani? Yangu haijawahi kuugua.

Akanionyesha simu. Ni mimi kabisa, nimeshika jembe shambani kwangu Mdandu, nacheka. Chini wameandika: "Bibi huyu alikuwa anatambaa. Ametumia unga wetu wa lishe, sasa analima."

Nikacheka. Noela hakucheka.

"Baba ameacha vidonge vya kisukari, bibi. Anakunywa uji wa huo unga tu. Mguu umeanza kuvimba."

Hapo damu ikanichemka.

Picha ile alinipiga mjukuu wangu Aneth. Kamaliza chuo, ndiyo kwanza kaajiriwa hapo hapo Makambako, ofisi ya matangazo ya mitandaoni. Kazi yake ni kukaa vizuri na wateja wasihame. Nikajua tu, bosi kamwibia picha.

Nikaenda ofisini kwao. Viazi nikaviacha kwa Noela.

"Wewe Brayson ndiye bosi? Nani kakwambia mimi nilikuwa natambaa?"

Kijana akainua mikono. "Bibi yangu, usinimeze. Maneno kaandika mjukuu wako mwenyewe. Mteja kafurahi, kaongeza mkataba."

Nikamgeukia Aneth. Kainama.

"Shikamoo bibi."

"Sitaki shikamoo yako! Ni wewe kweli?"

"Ndiye mteja wangu wa kwanza, bibi. Alitaka kuondoka. Nikasema bibi hana neno, hajawahi kunikasirikia."

Mnaona? Kwa kuwa sipigi kelele, nimegeuzwa wa kutambaa!

"Futa."

Brayson akadakia: "Ukifuta, Jumatatu usije."

Aneth akanitazama, anangoja nimwonee huruma. Sikumwonea. Nikamwambia mzee Efraimu kaacha vidonge kwa ajili ya tangazo lile, na mguu umevimba.

Akafuta. Akampigia mwenye unga, akamwambia maneno yale aliyatunga mwenyewe. Akachukua mkoba wake, tukatoka.

Noela akafunga duka, tukaenda wote Mdandu.

"Efraimu," nikasema, "si unaniona kila siku napita hapa na kuni? Nilitambaa lini?"

Mzee akakuna kichwa. "Nilidhani unaumwa kimya kimya. Wewe si mtu wa kulalamika."

Hata yeye!

Aneth akapiga magoti, akamweleza yote. Noela akaleta vidonge na maji. Mzee akameza, akakubali asubuhi apelekwe hospitali.

Ninyi mnaosoma huku, mtu akiwa mpole msidhani amewapa ruhusa. Muulizeni. Ana mdomo.

Nyumbani sikuwa na maneno matamu ya kumpa Aneth. Nilimpa ugali na maharage, akala analia, akalala.

Mimi nikakaa jikoni na hasira zangu mpaka moto ukazimika. Nikalala nazo.