Sauti Iliyonikalisha Barazani Kariakoo

Cheka ukitaka. Hata mimi ningesimuliwa na mtu mwingine ningecheka, maana mambo ya majini nilikuwa nawaachia wanaoyapenda. Lakini hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, katikati ya Kariakoo, watu wamejaa mpaka huoni pa kuweka mguu. Mpaka leo nikilisimulia nywele zinanisimama na mdomo haufungiki.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Safari ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka mpaka, na nilitumwa na Mama. Mama yangu ana dada mmoja tu, Mama Mkubwa Zuhura, aliyeolewa Dar mimi sijazaliwa. Walikuwa wakiandikiana. Barua ya mwisho ilisema: "Njoo, mdogo wangu. Kila adhuhuri nitakuwa nimekaa kwenye baraza nyekundu, nyuma ya soko, nakungoja. Sinyanyuki mpaka uje." Mama hakwenda. Leo watoto, kesho nauli, keshokutwa mvua, hata miaka ikapita na aibu ikamzuia kuandika. Sasa ni mgonjwa, chakula hakipiti kooni, na neno lake ni moja: "Nenda ukaniangalizie kama dada bado ananingoja."

Haya, nikafika. Nyuma ya soko ni wapi? Kariakoo ya leo ni maghorofa, na kila niliyemuuliza baraza nyekundu aliishia kuniuzia khanga. Nilizunguka siku mbili. Siku ya tatu, ya mwisho kabla ya basi la alfajiri, nikasema simuulizi mtu tena. Nikapakua kwenye simu maelezo ya sauti ya watalii, yale yanayokuongoza mjini kituo kwa kituo. Nimlipe mtu anitembeze? Mimi? Nikachomeka waya za masikioni, nikaanza safari.

Mwanamume wa kwenye simu alikuwa na sauti ya kusoma taarifa ya habari. Hapa palikuwa hivi, pale palikuwa vile, sasa geuka kushoto. Kiswahili chake nilikisahihisha njia nzima, si unatujua watu wa Mombasa? Lakini nakwambia, nilifurahi mno! Mji niliouogopa siku mbili ulianza kunizoea. Kituo cha nne kikanifikisha mbele ya duka la vitenge la Mchaga mmoja, ambaye wenzake wote walimwita Mangi.

"Mambo, dada? Wewe mgeni," akaniambia.

"Poa, Mangi. Umenijuaje?"

"Unashikaje simu hivyo Kariakoo? Itie ndani, dada, wataikwapua."

Nikaitumbukiza kwenye mkoba, chini kabisa ya khanga zangu, nikaubana kwapani. Jua lilikuwa utosini. Ndipo sauti ya mwanamke iliponiita masikioni, kwa jina langu la utotoni ambalo hata mume wangu halijui.

"Abee!" nikaitika.

Bibi yangu alinionya tangu mdogo: jua likiwa utosini, ukiitwa na usiyemwona, nyamaza mpaka uitwe mara ya tatu. Lakini adabu ilitangulia akili. Nimelelewa nikiitwa na mkubwa niitike papo hapo, na ile ilikuwa sauti ya mkubwa.

"Pita penye bomba la maji," ikasema. Bomba gani? Mbele yangu palikuwa na duka la redio. "Kata kwa mshona viatu." Palikuwa na benki. Lakini amini usiamini, miguu yangu ilijua njia! Nilikwenda mbio mbio, nacheka peke yangu, moyo unadunda, napishana na mikokoteni, na Mangi yuko nyuma yangu anapiga kelele, "Dada! Wee dada!" Sikumjali.

Nikasimama chini ya ghorofa moja refu. Ubavuni mwa ngazi zake kilikuwa kimesazwa kipande cha baraza ya saruji nyekundu, pa kukaa watu wawili. Wauzaji wamebanana kila mahali, lakini pale hapakutandazwa hata soksi.

"Kaa," ikasema sauti.

Nikakaa. Pale pana kivuli, lakini saruji ilikuwa na joto, lile la mahali alipotoka kukaa mtu.

"Umechelewa, lakini umefika. Mwambie mdogo wangu nimenyanyuka."

Nikalia pale pale, kwa hofu na kwa furaha, na furaha ilizidi.

Mangi akafika akihema. "Dada, nani kakwambia ukae hapo? Hapo hakai mtu!"

Akanieleza. Kiwanja kile kilikuwa cha bibi mmoja wa Mombasa. Alipokiuza alishurutisha kipande kile kisivunjwe, akawa anakaa pale kila adhuhuri na vikombe viwili vya kahawa, mpaka alipofariki. Tangu hapo, anayekaa pale adhuhuri huambiwa sikioni, "Inuka, pana mtu." Hata wamachinga wamekoma.

"Mimi nimeambiwa nikae," nikasema. "Nimeisikia humu." Nikamwonyesha waya.

Mangi akaushika mwisho wa ule waya. Ulikuwa unaning'inia nje ya mkoba. "Ndiyo nilikuwa nakukimbilia nikwambie. Waya huu ulichomoka kwenye simu pale dukani, ulipoitia ndani."

Nikafungua mkoba. Simu ilikuwa imesimama kituo cha nne.

Nilipomfikishia Mama ule ujumbe, aliniuliza mara tatu, "Alisema nimenyanyuka? Neno hilo hilo?" Nikaapa. Akalia sana, kisha akaomba uji, akanywa bakuli zima. Wiki iliyofuata Mangi akanipigia: muuza viatu ametandaza bidhaa zake kwenye baraza nyekundu, adhuhuri imepita, na hakuna aliyemwinua. Mimi nimebaki na sikio la kushoto ambalo jua likifika utosini hupata joto kama saruji ile. Mume wangu ameligusa, ni shahidi.

Nawe unayenisikiliza, kuna aliyekwambia atakungoja? Usiseme kesho. Nenda, au tuma neno kwamba huji, anyanyuke akafanye mambo yake. Mama Mkubwa wangu aliikalia saruji ile mpaka akafa, na kufa kwenyewe hakukumnyanyua.