Machela kwenye kipilefti

Maganga alianza kwa kuswaga ng'ombe wa mkokoteni, baadaye akakabidhiwa lori la pamba. Kusoma hakujua, lakini sheria za barabara alizishika kichwani. Walipojenga kipilefti pale mjini Shinyanga, madereva wenzake walikicheka, wakasema ni boma lisilo na ng'ombe. Yeye akafanya alivyofundishwa: punguza mwendo, tazama kulia, aliyemo ndani apite kwanza, ndipo uingie, uzunguke polepole.

Siku hiyo nyuma ya lori, juu ya magunia ya pamba, alilala mkewe, Limi. Uchungu ulimshika tangu jana, mtoto hatoki, na sasa damu haikatiki. Bujiku, kaka yake Limi, alikuwa amempakata kichwa. Kutoka Tinde hadi mjini Maganga alilikwepesha lori kila shimo. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya kipilefti. Mabati yake yalionekana.

Lakini ulikuwa msimu wa pamba. Malori yalikuja kulia kwake, hili halijatoka lile limeshaingia. Maganga akasimama.

Bujiku akagonga paa la kebini. "Shemeji, unangoja nini? Uletewe kigoda?"

"Nangoja wapite."

"Tumebeba mgonjwa. Nani asiyempisha mgonjwa?"

Alisema kweli. Kijijini, machela ya mgonjwa ikipita, wote hutoka njiani, hata mwenye ng'ombe huwasukumia porini. Maganga mwenyewe alishasimama majanini mara nyingi, kofia mkononi. Akamsikia Limi akiguna. Kisha hakumsikia tena. Akatia gia, akaingia.

Lori la kulia likampiga ubavuni. Gurudumu la mbele likapinda, magunia yakaporomoka. Bujiku alianguka nayo, amemkumbatia dada yake, hakumwachia.

Dereva wa lori lile akashuka anatukana. Kisha akaona damu kwenye magunia.

"Kaka, mimi nimeona pamba tu," akasema. "Ningejua, ningesimama."

Wakalifunga turubai la lori kwenye gongo refu, likawa machela, wakamlaza Limi ndani, wakamwinua mabegani. Hapo kila gari likasimama. Hawakuzunguka, walikatiza katikati ya kipilefti, wakakanyaga maua. Maganga alishika mbele, akimwita mkewe kwa jina, bila kugeuka, maana aliyebeba mbele hawezi kugeuka.

Mlangoni muuguzi akamgusa Limi shingoni, akatafuta mapigo, akauondoa mkono. Akauliza mume ni nani.

Maganga aliendesha miaka mingi baada ya hapo. Kazi nyingine hakuwa nayo. Kila alipofika kwenye kipilefti alisimama, hata kulia kukiwa kweupe. Wageni walimpigia honi kwa nyuma. Waliomfahamu walizima injini, wakangoja mpaka aondoke mwenyewe.