Gari Lililojiendesha Hadi Emali

Ti-ti-ti! Niliusikia mlio kabla sijaona chochote, kwa sababu nilikuwa nimegeuka nyuma. Baba yake Mutheu, mchumba wangu, alikaa kiti cha nyuma, na Ukambani mkwe hamjibu mzee kwa kisogo. Siku hiyo alikuwa akinipima, aamue kama atapokea mbuzi wangu wa ntheo, yaani posa.

Nami, mwandishi wa riwaya, nilikuwa mtaalamu wa magari tangu asubuhi, nilipolikodi gari hili lililoagizwa kutoka Japani.

"Mzee, magari yana viwango vya kujiendesha, sifuri hadi tano. Hili ni la tano. Halihitaji dereva."

Ushahidi? Lilikuwa limefuata mstari wa barabara lenyewe. Nikaachilia usukani.

Ti-ti-ti! Kisha sauti nyororo ya kike, kwa Kijapani.

"Linasema nini?"

"Linakukaribisha Emali, Mzee."

Sauti ikarudia, kali zaidi.

"Linasisitiza."

Likapunguza mwendo, likasimama katikati ya barabara ya Mombasa kama punda aliyemchoka bwana wake. Lori nyuma yetu likapiga honi. Nikalisogeza gari letu kando kwa mikono yangu miwili, iliyokuwa imechelewa.

Mutheu, pembeni yangu, alikuwa ameinua simu itafsiri. Ikatamka wazi: "Dereva, shika usukani. Dereva, tazama mbele."

"Ni kiwango cha pili, Baba," Mutheu akanong'ona. "Linamsaidia tu dereva."

"Dereva yupi?" mzee akauliza kwa upole. "Kijana, hao mbuzi waache kwanza wale nyasi kwenu."

Akashuka, akaufunga mlango nyuma yake.