Mzenga Hakuna Mgonjwa

Mwanahalima binti Mwinshehe, mwenyekiti wa UWT, umoja wa wanawake, kijijini Mzenga, alikuwa na mdomo, usiombe! Mwaka ule wa sabini na sita, hata wanaume wakimwona anakuja shamba la kijiji walikuwa wanashika majembe haraka haraka.

Siku nesi Yosefina alipokuja kutoka Kibaha kuhesabu wanawake wenye kansa ya kizazi, watu walikusanyika shuleni, na wanaume wakatolewa nje ya darasa.

"Tunataka kujua ugonjwa huu umeenea kiasi gani," nesi akasema. "Aliyekoma hedhi kisha akaona damu tena, au anayetoka damu akilala na mumewe, aniambie. Nitawaita mmoja mmoja."

Mwanahalima alikuwa amekoma miaka minne, na damu ilikuwa imemrudia tangu msimu wa korosho. Hapo alipokaa alikuwa amejifunga vitambaa vitatu ndani ya khanga. Uso ukamwaka kwa aibu. Wanawake hawa anaowafokea kila siku wangemwonaje? Basi hofu ikamtokea mdomoni, kama kawaida yake.

"Nesi, usijisumbue! Maradhi hayo ni ya wanawake wasiotulia. Mzenga hatuna!"

Wakacheka, wakampigia vigelegele. Loo! Baada ya hapo nani angethubutu? Waliitwa wanawake thelathini na wanane, na kila mmoja akasema hana. Katika kijiji cha jirani cha Marui nesi alikuwa amepata watano, kwa hiyo alishangaa, lakini angefanyaje? Akaandika: Mzenga, hakuna mgonjwa.

Miezi minane baadaye maumivu yalimshinda mwenyekiti. Akawaaga watu kwamba anakwenda mkutanoni, uongo mtupu, akapanda lori mpaka hospitali Dar es Salaam. Pale kwenye benchi akamkuta Sikuzani, mke wa jirani yake, amekonda, kajifunika khanga mpaka puani. Akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeanza lini kuumwa?"

"Kabla nesi hajaja." Sikuzani aliinamisha kichwa. "Nilitaka kumwambia siku ile. Uliposema ni ya wasiotulia, nikaona haya. Mume wangu angenielewaje? Tafadhali mama, usiniseme kijijini. Na wewe umemleta nani?"

Mlango ukafunguka, jina la Mwanahalima likaitwa mbele ya benchi zima. Akasimama, akamshika Sikuzani mkono na kumwinua.

"Aanze huyu," akamwambia nesi aliyeita. "Mimi nimejichelewesha mwenyewe. Huyu nimemchelewesha mimi."