Leo Marehemu Wetu Ameamshwa Akabeba Jeneza

Watu wangu, nina hasira na sijui hata nimkasirikie nani.

Leo tulikuwa tunaonyesha mchezo wetu wa kuigiza katika ukumbi wa hapa Ikonge. Likizo yote ya Agosti hawa vijana wamefanya mazoezi bila kupewa hata soda, na mimi ndiye nilikuwa nawaelekeza.

Mchezo unaisha kwa mazishi. Jeneza tuliazima kwa fundi wa mbao, jirani na ukumbi.

Ombati, marehemu wetu, akalala ndani. Kerubo, mjane wetu, akaanza kuomboleza. Kuna mama alikuwa ameshatoa leso!

Mara mlango ukafunguliwa.

Ni fundi! Koti la kazi limejaa vumbi la mbao. Akapita katikati ya watu, moja kwa moja hadi jukwaani.

"Samahani, jeneza limepata mwenyewe. Toka, kijana."

"Fundi, tafadhali, dakika tano tu!"

"Madam, waliofiwa wako hapo nje na gari. Nenda uwaambie wewe."

Haya, ungekuwa mimi ungewaambia nini?

Ombati akaamka, akajipangusa, akamshikia fundi upande mmoja. Ndio. Marehemu alisaidia kubeba jeneza lake mwenyewe.

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Walisimama kupiga makofi. Kerubo sasa akawa analia kweli.

Tangu nifike nyumbani simu haipumziki, na wote wanauliza swali moja tu:

Yule mzee aliyeigiza fundi mlimtoa wapi?