Sebule ya Dada, Maktabani

Mama yangu hakuiamini simu. Tangu dada yangu mdogo aolewe Maskati, kila akipiga simu ya video alikaa pale pale: kochi jekundu, pazia la kumetameta, macho yamepakwa wanja. Wakishaagana, mama hunigeukia. "Lile kochi la kuazima. Mtoto ana shida, hataki kunambia." Magoti hayakumruhusu kusafiri akajionee, na usingizi ulikuwa umempaa.

Maktaba yetu hapa Malindi ilipopata miwani ya uhalisia pepe, ile unayovaa ukajiona umo ndani ya picha, wazo likanijia. Nikamwomba dada atafute kamera inayopiga pande zote kwa mpigo mmoja, aipige sebule yake. Picha ilipofika, mkutubi, msichana mwenye subira kunishinda mimi, akaitia kwenye miwani.

Mama alivishwa juu ya mtandio wake. Kwanza akavua viatu. Kisha akasimama tuli.

"Tazama ndani, mama," nikamwambia.

"Hodi!" akaita.

Wasomaji wakainua vichwa. Nikamnong'oneza kwamba hiyo ni picha tu, hamna mtu wa kuitikia.

"Basi siingii. Nyumba ya mkwe wangu hiyo, nitajitoma vipi sijakaribishwa?"

Aibu ilinishika, nikanyoosha mkono nimvue. Mkutubi akanizuia, akaitikia kwa sauti ya mwenye nyumba: "Karibu mama, pita ndani, starehe!"

"Ahsante, mwanangu." Akapiga hatua moja.

Alichokiona yeye nilikiona kwenye kompyuta ya mkutubi. Kochi lilikuwapo, na pazia. Mama akaguna. Halafu akageuka nyuma, nami nikataka ardhi inimeze. Dada alikuwa amepanga upande wa mbele tu, kama alivyozoea kwenye simu. Huku nyuma rundo la nguo zisizokunjwa limekaa kitini kama mgeni, kikombe cha chai kipo sakafuni, na taulo imetupwa juu ya mlango.

Mama akaangua kicheko hadi akashika meza.

"Ndiye! Ndiye huyo! Tangu utotoni nguo hakunji. Kwa watu angethubutu kuziacha hivi?"

Kicheko kikageuka kilio, machozi yakamtiririka chini ya miwani. Nikamwacha alie.

"Kumbe yuko kwake," mama akasema.