Mwavuli wa Dympna Mbele ya Jeneza

Kama kuna mtu aliyejua kuuza uzuri wa mji wa Kilvarra, ni Dympna Heaphy. Kuta za mawe ambazo wenyeji tulizipita bila kuzitupia jicho, yeye alizipa maneno. Aliinua mwavuli wake wa manjano, mvua iwepo isiwepo, akawaongoza wageni kutoka lango la kale hadi mnara wa saa, na wakifika huko wameshaupenda mji wetu kuliko kwao.

Nusu ya mapenzi hayo ilikuwa kazi ya mzee Con Lonergan. Con aliishi Barabara Kuu, katika nyumba ya buluu yenye mlango wa vipande viwili, na kila akisikia sauti ya Dympna alifungua kipande cha juu, akaegemeza viwiko, kofia imelala upande.

"Msimwamini huyu," aliwaambia wageni. "Namjua tangu mtoto. Alianza uongo kabla hajaota meno."

"Na wewe mzee, umeshakunywa dawa, au bado unaisubiri ile ya baa?"

"Kwani baa wamefungua, binti? Mbona huniambii!"

Wageni walicheka hadi machozi. Ziara ikiisha, mkewe, Bi Breda, alimwita Dympna jikoni, na jikoni mle kikombe cha mtu hakikuachwa kitupu. Ukisema chai imekutosha, ndiyo kwanza unaongezewa.

Con alikufa mwezi wa Juni, wageni wakiwa wamefurika. Siku ya maziko Dympna alikuwa na basi zima la watu. Angeweza kumwomba mwenzake ampokee. Alijiambia atawazungusha upesi upesi, kisha akimbilie makaburini. Ukweli ni kwamba alipenda kupigiwa makofi, na jambo hilo hakulikiri hata mbele ya kioo.

Chini ya mnara wa saa alikuwa amefika kwenye hadithi yake ya kila siku: kwamba Kilvarra mtu akikutana na jeneza, hata awe na haraka vipi, hugeuka akatembea nalo hatua chache, ili marehemu asiende mpweke. Con mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Alimshika mabega utotoni, akamgeuza palepale barabarani na mkate aliotumwa na mama yake mkononi.

Ndipo jeneza la Con likatoka kanisani, limebebwa mabegani na wanawe. Maduka yakafunga milango na kushusha mapazia. Muuza nyama akatoka na aproni yake, akavua kofia. Mtaa mzima ukanyamaza. Na ndani ya kimya kile, kwa sauti iliyozoea kushindana na magari, Dympna akasema:

"Mna bahati leo! Mtajionea wenyewe!"

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Bi Breda, aliyekuwa nyuma tu ya jeneza, aligeuza kichwa. Hakuonyesha hasira. Alimtazama Dympna kama mtu asiyemfahamu, kisha akaangalia mbele.

Mgeni mmoja, mama mnene mwenye koti la mvua, akavua kofia yake na kuingia barabarani nyuma ya wafiwa. Mumewe akamfuata. Kisha wakafuata wote, kamera zimerudishwa mifukoni, wakimsindikiza mtu ambaye hawakuwahi kumwona. Dympna alibaki chini ya mnara, mwavuli juu, uso unamwaka. Akiingia sasa, ataonekana anaongoza ziara. Alipokumbuka kushusha mwavuli, jeneza lilikuwa limeshakata kona.

"Haya, Dympna," muuza nyama alisema akipandisha pazia lake, bila kumtazama. "Biashara nzuri leo, eti?"

Dympna alikunja mwavuli, akaondoka.

Alasiri alikwenda nyumbani kwa marehemu, kwa sababu kutokwenda kungekuwa aibu kubwa zaidi. Jikoni watu walijazana, wakila mikate ya nyama na kusimuliana vituko vya Con. Alipoingia, vicheko vilipungua. Mtu alimsogezea kiti, mwingine akamwekea kikombe. Bi Breda alikuwa akizunguka na birika mwenyewe, amekataa kusaidiwa, na sasa alisimama mbele yake.

"Bi Breda, ile asubuhi, mimi..."

"Wale wageni wako," Bi Breda alimkata, "wamefika nami mpaka kaburini. Yule mama wa koti alinishika mkono muda wote. Watu wa adabu kweli. Nani aliwafundisha?"

Dympna alitafuta jibu jingine, asilipate.

"Mimi, Bi Breda."

"Umewafundisha vizuri."

Kisha akalipitisha birika juu ya kikombe kitupu cha Dympna, akammiminia chai mtu aliyekaa pembeni yake.